Mifumo ya Wingu kwa Kampuni ya Ukandarasi: Upi Ununuliwe Kwanza

Katika kampuni nyingi za ukandarasi nchini Tanzania, taarifa za mradi mmoja hukaa mahali patatu pasipowasiliana: daftari la mtunza stoo huko saiti, picha na maagizo katika kundi la WhatsApp, na jedwali la Excel katika kompyuta ya mhasibu. Mwongozo huu ni kwa mkandarasi wa kati, mwenye ofisi moja na saiti kadhaa kwa wakati mmoja, anayetaka kununua programu ya usimamizi wa miradi inayohifadhi taarifa zake mtandaoni. Nimezipanga programu hizo kwa swali moja ambalo kwangu linayazidi mengine yote: je, kilichorekodiwa saiti kinafika kwenye dai la malipo na kwenye hesabu bila mtu kukiandika upya?

Tuchukue saruji. Lori linaposhusha mifuko 200 ya kilo 50, yaani tani 10, mtunza stoo anapaswa kuipokea kwa kulinganisha na agizo la ununuzi lililoidhinishwa ofisini. Fomeni akichukua mifuko ya zege la nguzo, itoke stoo kwa jina la kazi hiyo. Na ankara ya muuzaji ikifika, mhasibu aione sambamba na agizo na hati ya mapokezi kabla hajalipa. Hatua hizi zikiwa katika madaftari tofauti, upungufu wa mifuko 15 hugundulika mradi ukiwa umekwisha na vibarua wametawanyika. Zikiwa katika mfumo mmoja, hugundulika siku ile ankara inapoingizwa.

Upande wa pili ni madai, na hapa wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Chini ya Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi, mkandarasi anayedai kuongezewa muda au malipo hutakiwa kumpa Mhandisi, yaani msimamizi wa mkataba aliyeteuliwa na mteja, taarifa ndani ya siku 28 tangu alipolijua, au alipopaswa kulijua, tukio lenyewe. Akichelewa, dai linaweza kupotea lote. Shajara ya kila siku yenye picha, saa, hali ya mvua na idadi ya vibarua waliosimama bila kazi ndiyo inayolibeba dai hilo, na programu nzuri huifanya iandikwe papo hapo badala ya kukumbukwa mwisho wa mwezi.

Nafasi ya kwanza naipa ERPNext. Ni programu huria, hivyo kampuni hailipi leseni kwa kila mtumiaji. Inalipia seva na mtaalamu wa kuisimika. Ununuzi, stoo, miradi na uhasibu vimo ndani ya mfumo mmoja, na ule mlolongo wa saruji nilioueleza unafanyika bila kuunganisha programu ya pili. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huwekwa mara moja na kutumika katika ankara zote. Udhaifu wake ni wa kweli: haikutengenezwa mahususi kwa ujenzi, kwa hiyo fedha za zuio, ambazo mteja hukata katika kila hati ya malipo na kuzishikilia kama dhamana ya kazi, zinahitaji kupangiwa utaratibu wake, na saiti isiyo na mtandao haitaweza kuingiza taarifa mpaka mtu afike penye mtandao. Bajeti ya mtaalamu na ya mafunzo ya watunza stoo isipunguzwe, kwani ndiyo gharama halisi ya mfumo huu. Odoo, programu nyingine ya aina hiyo, inafanana nayo kwa mengi, ila uhasibu wake kamili umo katika toleo la kulipia.

Ya pili ni Autodesk Build, iliyotolewa mwaka 2021 kwa kuunganisha kazi za programu mbili za awali, PlanGrid na BIM 360. Kampuni inayojenga majengo marefu, ambako mchoro wa msanifu hubadilika kila wiki, itafaidika sana: fomeni hufungua kwenye kishikwambi toleo la mwisho la mchoro, hata bila mtandao ikiwa alilipakua mapema, na hapo ndipo makosa ya kufunga nondo kwa mchoro wa zamani yanapozuiwa. Hata hivyo si mfumo wa uhasibu, na kuuunganisha na hesabu zako ni kazi ya ziada.

Procore naiweka ya tatu, ingawa kwa upana wa kazi ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Bei yake hupangwa kwa thamani ya kazi za mwaka na haihesabu watumiaji, jambo zuri kwa anayetaka kuwaingiza wakandarasi wasaidizi na mshauri wa mteja. Tatizo ni mtiririko wa fedha: mkandarasi ambaye hati zake za malipo hukaa miezi kwa mteja atakuwa ameahidi ada kwa kazi ambayo bado hajalipwa. Kwa kampuni ya daraja la kwanza yenye mikataba mikubwa, ningeipandisha.

Fieldwire, iliyo chini ya Hilti tangu 2021, ni ya nne kwa sababu haigusi hesabu. Ila kwa michoro, orodha ya kasoro na kazi za mafundi ni nyepesi, inafanya kazi bila mtandao, na ina kifurushi cha bure kwa kikundi kidogo. Anayenunua ERPNext anaweza kuitumia saiti huku akijua kwamba mifumo hiyo miwili haizungumzi yenyewe. Primavera ya Oracle inunuliwe pale tu mkataba unapoidai kwa ratiba ya kazi, na Buildertrend imejengwa kwa wajenzi wa nyumba za makazi wa Marekani.

Kabla ya kusaini, ijaribu programu katika saiti moja kwa mzunguko mzima wa hati moja ya malipo, na mtunza stoo wako ndiye aitumie, asiwe muuzaji. Pia dai kipengele kinachokuruhusu kutoa taarifa zako zote, picha zikiwemo, usajili unapokoma. Mradi ukikabidhiwa bado kuna kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, na sheria ya ukomo ya Tanzania inatoa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, muda ambao shajara za saiti zinapaswa kuwa mikononi mwako.