Biashara Street, Mombasa: uzoefu wangu wa kununua leso

Mtaa huu naupa 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyobaki imeliwa na polista (kitambaa cha nyuzi za plastiki), nitaieleza hapo mbele.

Biashara Street iko magharibi mwa Digo Road. Ukitoka soko la Marikiti na harufu ya bizari bado iko puani, vuka barabara, panda kaskazini kidogo, utaona leso (kanga) zimetundikwa milangoni. Duka la kutajwa kwanza ni la Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887 na watu wakamjua kwa jina la Abdulla. Hadi leo leso zake huchapwa maandishi madogo ukingoni: K.H.E. Mali ya Abdulla. Duka hilo ndilo linalosifiwa kwa kueneza mtindo wa kuandika jina, yaani msemo, juu ya leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno, la kitambaa cha mkononi. Zamani wanawake walinunua vitambaa hivyo wakaviunga kwa kushona hadi vikatosha kujifunga.

Kwa hiyo hapa hununui nguo tu, wanunua na jina lake. Muuzaji mzuri hukuuliza unampelekea nani kabla ya kukushushia chochote. Mwambie ukweli: mama mkwe, wifi, biarusi, au jirani mnayepigana mafumbo. Kwa mama mkwe huwezi kukosea na "Wema hauozi". "Usisafirie nyota ya mwenzio" ukimpa wifi, umetangaza vita. Usichague kwa rangi ukaondoka. Maua yaleyale huweza kuchapwa kwa majina tofauti. Kunjua, lisome jina mpaka mwisho, ndipo ulipe.

Sasa kitambaa. Leso ya pamba safi ndiyo inayofyonza jasho, na ndiyo inayobeba mtoto mgongoni bila kuteleza. Tatizo ni kwamba polista imejaa, na ikitiwa dondo (wanga wa kukazia nguo) la kutosha huwezi kuijua kwa kuishika. Omba uzi mmoja kutoka ncha iliyokatwa, toka nao nje (si ndani ya duka, tafadhali), uwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kubaki jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka, huacha tone gumu jeusi. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko, na bei ishuke. Muuzaji akikataa kutoa uzi mmoja, jibu umeshalipata.

Geuza upande wa nyuma pia. Wino uliopenya vizuri huonekana nyuma karibu kama mbele. Ukiwa hafifu sana, rangi imekaa juu juu na kufua kutaiondoa. Halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji usugue kwenye nyekundu na nyeusi, ndizo za kutiliwa shaka kuliko nyingine. Nalisema hili hasa kwa wanaonunua kisutu, leso ya harusi, kwa kuwa rangi zake ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ile nyeupe ndiyo itakayoadhirika.

Doti, yaani jozi ya leso, huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana. Kila kipande ni kama sentimita 150 kwa 110. Kabla hakijakatwa, hakikisha mji (uwanja wa ndani wa leso) uko katikati na pindo zinazouzunguka zimelingana pande zote. Uchapaji ukienda kombo, upande mmoja pindo hubaki nyembamba, na hakuna fundi atakayelirekebisha hilo. Kisha mpe fundi wa cherehani akukunjie. Pande ndefu ni kingo za kitambaa chenyewe, hazifumuki, hazihitaji sindano. Zinazoshonwa ni zile fupi zilizokatwa, mbili kwa kila leso, yaani nne kwa doti. Ni kazi ya kusubiri hapohapo, ukiwa umesimama. Kwa wanaonunua za kuuza, uliza bei ya korja, yaani 20, lakini zifungue: korja ikichanganywa utakuta majina mawili tu yanayotoka na mengine ya kukaa dukani mwaka mzima.

Vikoi vipo pia, ila namna ya kuvikagua ni nyingine. Kikoi hufumwa, hakichapwi, hivyo mistari yake lazima iwe na rangi ileile pande zote mbili. Kikiwa na upande wa "nyuma", kimechapwa, kiache.

Nenda asubuhi. Adhuhuri maduka mengi hufunga, na Ijumaa mapumziko ni marefu zaidi. Wiki ya mwisho kabla ya Idi naiepuka kabisa: watu wamebanana, hakuna mwenye muda wa kukukunjulia leso tano, na mafundi wamezidiwa hata mshono hupinda. Doti ukifika nayo nyumbani, iloweke peke yake kwenye maji baridi yenye chumvi, dondo litoke. Itakuwa laini, na itapungua kidogo. Ndiyo maana leso iliyokutosha kwa shida dukani haitakufunga baada ya kufuliwa.