Muziki wa filamu ya Black Panther: sikiliza hiyo ngoma ya tama

Kabla hujalipia, hakikisha ni albamu ya Ludwig Göransson, Mswidi aliyetunga muziki unaosikika ndani ya filamu hiyo ya 2018. Ile ya Kendrick Lamar ni nyingine kabisa, ya rap.

Göransson alikwenda mpaka Senegali, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal kwenye maonyesho yake. Sauti ya Maal ndiyo inayofungua wimbo wa "Wakanda", anaimba kwa Kifulani, nywele zinanisimama. Mimi napiga ngoma harusini, kwa hiyo masikio yangu yako kwa Massamba Diop na tama yake, ngoma ndogo ya kubana kwapani. Kwapa likikaza kamba sauti inapanda, likilegeza inashuka, na mapigo yanalitamka jina la shujaa wa filamu: T'Challa! Raha tupu. Wimbo wa "Killmonger" nao naurudia sana: filimbi ya Kifulani, mpulizaji anapuliza huku ananong'ona na kufoka, chini yake besi nzito ya hip hop.

Vipande vya mapigano vinafanana mno, huwa naviruka. Lakini Oscar ya 2019 ilikwenda panapostahili. Tafuta hedifoni au spika nzuri. Kwa spika ya simu besi yote inapotea.