Uzoefu wangu na colectivo za Playa del Carmen, Mexico

Wanaoniuliza kuhusu Playa del Carmen wanataka kujua hoteli na ufukwe. Mimi nilipanga chumba uswahilini kwao, mbali na bahari, na huduma niliyoitumia kuliko zote ni colectivo, zile Hiace nyeupe zinazokwenda mji jirani wa Tulum kwa barabara kuu ya 307. Naipa nyota nne kati ya tano.

Mtu wa Dar hana cha kufundishwa hapa: ni vipanya. Gari linaondoka likijaa, na njiani unalisimamisha kwa mkono. Ila hakuna konda. Hakuna wa kupiga bati wala wa kukuambia "sogea, dada, sogea". Dereva ndiye kila kitu: anaendesha, anashusha, anapokea nauli, anatafuta chenji, na unalipa ukishuka. Siku za mwanzo nilikuwa nakaa na hela mkononi nasubiri wa kuidai. Halafu kuna salamu. Anayepanda asubuhi anasema "buenos días" kwa gari zima, na gari zima linaitika.

Panda alfajiri, watalii wakiwa bado wamelala. Wanaojaza siti ni wahudumu wa vyumba, wapishi na watunza bustani, sare zimenyooshwa, vitambulisho shingoni. Wengi kwao ni Chiapas, Tabasco au Veracruz. Wengine nilikuwa nawasikia wakipiga soga kwa Kimaya, lugha ya wenyeji wa asili wa huko. Dada mmoja aliyekaa pembeni yangu alipaka wanja gari likiwa kwenye mwendo mkali, mkono hautikisiki, akafunga kioo chake, akashuka kwenye lango la wafanyakazi la hoteli. Hoteli yenyewe huioni kutoka barabarani. Ni ukuta na miti tu.

Sensa ya 1990 ilikuta Playa ina watu elfu chache. Ya 2020 ilihesabu zaidi ya 300,000. Huhitaji takwimu, dirisha linatosha: msitu umefyekwa, nondo zimesimama, na mabango ya fleti zinazouzwa yana bei kwa dola. Sisi ndani ya gari tunahesabu sarafu za peso. Sikuona abiria yeyote akigeuza shingo kuyasoma.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu ya jioni. Hoteli zinapotoa wafanyakazi, magari yanayotoka Tulum yanapita yamejaa pomoni, nawe umesimama kando ya barabara kuu, malori yanakupulizia vumbi. Kungoja kunachosha kuliko safari. Wajanja walikuwa wanavuka barabara na kupanda gari la kuelekea Tulum kwanza ili wageuke nalo wakiwa wamekaa. Kumbe ujanja huu si wa Mbagala peke yake!

Kituo cha Playa kiko Calle 2, mitaa michache kutoka Quinta Avenida, ule mtaa wa watalii ambako kila kitu ni ghali. Jumapili asubuhi kula kwanza taco (vichapati vya mahindi vyenye nyama) za cochinita pibil kwa wauzaji wa mitaani. Ni nguruwe aliyelowekwa kwenye achiote, kiungo chekundu cha mbegu, na machungwa machachu. Usiyekula nguruwe ulizia pollo pibil, ya kuku. Pilipili yao ya habanero onja kwa ncha ya kijiko.

Beba hela ndogondogo, dereva hapendi noti kubwa. Ukiwa na sanduku la maana, panda basi la ADO, kwa sababu kwenye Hiace utalipakata mpaka Tulum.