Kisanduku cha kugawa umeme wa ampea 32: thamani yake iko kwenye breka

Kisanduku ninachokitathmini kina plagi ya buluu ya ampea 32, ya fezi moja, na soketi nne za ampea 16, kila moja ikiwa na breka yake, yaani swichi inayokata umeme yenyewe mzigo ukizidi. Breka hizo ndizo zinazokitenga na vigawanyio vinavyobadilisha tu umbo la plagi. Kigawanyio cha namna hiyo kikichomekwa kwenye soketi kubwa, kebo nyembamba ya milimita mraba 1.5 inaweza kubebeshwa ampea 28 mfululizo, ikapata moto hadi ganda lake likalainika, huku breka ya ukutani ya ampea 32 ikitulia kwa sababu kikomo chake hakijafikiwa.

Nilifungua kifuniko kikiwa hakijachomekwa popote. Waya zinazoingia kwenye breka ni za milimita mraba 6, zinazokwenda kwenye soketi ni za 2.5, na ncha zake zote zimevishwa mirija midogo ya chuma kabla ya kukazwa kwa skrubu, kazi ambayo visanduku vya bei ya chini huiruka. Waya wa ethi wa kila soketi umefungwa peke yake.

Matumizi hayana mengi ya kueleza, ila mnunuzi asitarajie miujiza: kwa volti 230, ampea 32 ni wati 7,360 kwa jumla, hivyo soketi mbili tu zikitumika kikamilifu zinamaliza umeme wote. Vilevile, breka ya ampea 16 haikati papo hapo mzigo ukizidi kidogo; kwa ampea 23 inaweza kuchukua dakika nyingi, na ndiyo maana kebo ya kurefushia nayo haina budi kuwa nene, tena ikunjuliwe yote.

Kasoro yake kubwa ni kinga ya uvujaji wa umeme. Ni ya miliampea 30, kama inavyofaa kumlinda mtu, lakini ipo moja kwa soketi zote, kwa hiyo hita moja chakavu inayovujisha umeme huzima kila kitu, na kumtafuta mkosaji kunalazimu kuchomoa kifaa kimoja kimoja. Ningelipa zaidi kupata mbili.

Karatasi ya maelekezo nayo haitaji kabisa plagi nyekundu za fezi tatu. Huko nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ikikatika, vifaa vya volti 230 vinaweza kupokea karibu volti 400, na ugawaji wake ni wa kumwachia fundi umeme.