Santuri ya Kumar Gandharva: imekuja na mikwaruzo, na siirudishi

Nimeinunua mtandaoni santuri hii ya mwimbaji wa India, ya mkono wa pili, shilingi 4,500 pamoja na usafiri hadi Mombasa. Tangazo lilisema "hali nzuri sana". Wapi! Jalada limeliwa pembeni, na upande wa pili sindano inaruka palepale kila nikicheza. Hapo muuzaji nimemkata nyota mbili.

Sasa sauti. Mimi nimekulia kwenye taarab yenye tabla, kwa hiyo ala hazikunishtua. Kilichonishtua ni pumzi. Waimbaji wa Kihindustani (muziki wa jadi wa India ya kaskazini) niliowazoea huvuta sauti mpaka nawe unabana kifua. Huyu anarusha kipande kifupi, ananyamaza, tambura, ala ya nyuzi, inavuma peke yake, kisha anarusha kingine. Mara ya kwanza nilidhani ni ubovu mwingine wa santuri.

Jalada halina maelezo ya maana, ikabidi nimtafute mwenyewe. Amezaliwa 1924 karibu na Belgaum, kusini-magharibi mwa India, jina lake hasa Shivaputra Komkalimath. Kumar Gandharva ni sifa aliyopewa utotoni kwa vile alivyoimba. Ujanani akashikwa na kifua kikuu, akahamia Dewas, mji wa eneo la Malwa katikati mwa India, kufuata hewa kavu, na madaktari wakamkataza kuimba. Miaka kadhaa akawa wa kulala na kusikiliza tu: nyimbo za wenyeji wa Malwa, na wapita njia wakiimba mashairi ya Kabir, mshairi wa kale wa India. Streptomisini, dawa mpya wakati huo, ikamwokoa, ila pafu moja halikupona. Aliporudi jukwaani miaka ya 1950 alikuja na vipande vile vifupi, na nyimbo zile za njiani, na raga (mipangilio ya sauti ambayo wimbo wa Kihindi hujengwa juu yake) alizozitoa humo. Wapo wahafidhina waliomnunia. Akaishi Dewas hadi alipofariki 1992.

Ukishayajua hayo, kimya chake kinasikika vingine kabisa. Ila usiicheze huku unapika, utaona haina kitu. Kaa chini. Anza na "Ud jayega hans akela" ya Kabir: ndege ataruka aende peke yake, na ndege mwenyewe ni roho. Niliicheza juzi baada ya isha. Mama, asiyejua hata neno moja la Kihindi, alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza, "Huyu kafiwa na nani?"

Santuri nyota tano. Muuzaji tatu.