Projesteroni ya ukomo wa hedhi: ipi ununue ukiwa Tabora, ipi uiache kaunta

Akina mama wanaokuja famasi na cheti cha homoni za ukomo wa hedhi mara nyingi hawana ugomvi na estrojeni. Joto la ghafla limepungua, usiku shuka hailowi tena. Lawama zote anabebeshwa mwenzake, projesteroni. "Mwanangu, nipe hiki cha asubuhi tu. Kile cha usiku acha, kinaniliza bila sababu na tumbo linajaa gesi." Anasema hivyo huku ameshaweka mezani pesa ya kimoja.

Hapo huwa nagoma kuuza. Estrojeni ikiachwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na miaka ikienda hali hiyo inaweza kuishia kwenye saratani. Projesteroni ndiyo inayouzuia. Mama aliyeondolewa mji wa mimba kwa kawaida haihitaji, lakini aliye nao asiiruke. Akishindwa nayo, abadilishe aina, njia ya kutumia au ratiba, tena daktari akijua. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kwanza ipi mtu ataivumilia mwaka mzima, kisha ugumu wa kuipata hapa Tabora. Bei nimeiweka nyuma, maana dawa rahisi inayoishia kabatini ni hasara tu.

Namba moja ni projesteroni asilia ya kapsuli laini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Utrogestan. Usishtuke boksi likizungumzia ujauzito. Dawa hiyo hiyo hupewa pia wajawazito, na homoni iliyomo ni sawasawa na ile ya mwilini. Kipimo cha kawaida ni mg 100 kila usiku, au mg 200 kwa usiku 12 mfululizo kila mwezi kwa wale ambao hedhi zao zimekatika hivi karibuni. Piga hesabu kabla ya kulipa: kwa kapsuli za mg 100, mpango wa kwanza unakula 30 kwa mwezi, wa pili 24.

Inaleta usingizi, na sababu inajulikana: ini huigeuza sehemu yake kuwa kemikali inayotuliza ubongo. Kwa mama anayekesha akihesabu mabati hiyo ni faida. Imeze unapopanda kitandani, si mara tu baada ya ugali, kwa sababu chakula huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu na asubuhi unaamka na kichwa kizito. Wachache utulivu huo huwageukia kuwa huzuni. Kwa hao daktari anaweza kuelekeza kapsuli iwekwe ukeni. Haipiti kwenye ini kwanza, hivyo usingizi na kizunguzungu hupungua. Mwenye mzio wa karanga asome boksi, maana Prometrium ina mafuta ya karanga, nyingine hutumia alizeti.

Kapsuli hizi hazipendi joto. Mzigo uliosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam au Mwanza mwezi wa kumi unaweza kufika umeharibika. Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Ukiona kapsuli zimegandana, zimebonyea au zinavuja mafuta, rudisha, hata kama muuzaji ananuna. Nyumbani usiziweke dirishani.

Namba mbili ni didrogesteroni, yaani Duphaston. Huyu hakulazi, na mara nyingi ndiye mkombozi wa mama anayeshinda kama mlevi akitumia ile ya kwanza. Ratiba ya kawaida ni mg 10 kwa siku 14 za kila mwezi, yaani vidonge 14, na kwa kuwa ni kidonge kikavu hakisumbuliwi sana na safari. Utafiti wa Ufaransa uliofuatilia walimu wanawake ulikuta kwamba estrojeni ikiambatana na projesteroni asilia au didrogesteroni, hatari ya saratani ya matiti ilikuwa ndogo kuliko ikiambatana na projesteroni nyingine za kutengenezwa.

Tatu ni kitanzi cha homoni, kama Mirena. Kingekuwa cha kwanza kwa mama ambaye kila kidonge kinamvuruga akili, kwa kuwa homoni hufanya kazi zaidi ndani ya mji wa mimba na inayofika kwenye damu ni kidogo. Kwa kazi hii kinakaa miaka 5. Shida ni mtu wa kukiweka: ulizia kwanza hospitali ya Kitete hapa Tabora, wakikosa uliza kuhusu hospitali ya Bugando, Mwanza. Kitanzi cha shaba hakina homoni, usiuziwe badala yake.

Nne, medroksiprojesteroni, yaani Provera. Ni rahisi na inalinda mji wa mimba vizuri, lakini ndiyo iliyotumika na estrojeni inayotolewa kwenye mkojo wa farasi katika utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002: saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 hivi katika kila 10,000 kwa mwaka. Nambari hiyo si ya kumtoa mtu mbio, ila kama ya juu zinapatikana, anza nazo.

Ya mwisho ni noretisteroni ya mg 5, Primolut N, ile ya kuahirisha hedhi. Vidonge vya ukomo wa hedhi vilivyochanganywa na estrojeni huwa na noretisteroni mg 1 tu au nusu yake. Isitoshe, sehemu yake mwilini hugeuka kuwa estrojeni ya kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, jambo baya kwa aliyewahi kuganda damu. Chunusi na hasira nazo zimo.

Sindano ya Depo na vijiti vya uzazi wa mpango haviingii kwenye orodha hii. Havijaidhinishwa kwa kazi hii. Krimu za viazi vikuu pori wanazoita "asilia" waachie wenyewe, mwili hauwezi kuzigeuza kuwa projesteroni.

Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kuganda damu au ugonjwa wa ini amwone daktari kabla ya kununua chochote. Ukianza, ipe dawa miezi mitatu, isipokuwa huzuni ikizidi. Hapo rudi upesi. Kwa anayetumia kila siku, matone ya damu miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakivuka miezi sita, au yakianza baada ya kuwa yamekauka, nenda hospitali ukapimwe ukuta wa mji wa mimba.