Kubadili mashine ya kuoshea vyombo: yajue maji yako kwanza

Madukani utaulizwa unataka nyeusi au ya rangi ya fedha, utaonyeshwa taa za ndani na jinsi ya kuiwasha kwa simu. Maji yako yanatoka wapi, hakuna atakayekuuliza. Sisi tunakaa Mbezi Beach, Dar es Salaam, tunakula watu wanane na wageni hawakauki. Baada ya mashine ya kwanza kutufia mkononi, nasema kwa moyo wote kwamba kwenye nyumba za pwani maji ndiyo swali la kwanza. Mengine yanafuata.

Ile ya kwanza ilitoka Dubai ikiwa imeshatumika. Ilitufaa vizuri mpaka glasi zikaanza kutoka na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Halafu sahani zikawa zinatoka na mafuta, halafu ikaacha kabisa kupasha maji. Fundi alipoifungua aliniita: "Mama, njoo uone mwenyewe." Hita ilikuwa imevaa gamba jeupe, nene kama ganda la yai, na alipoligonga kwa bisibisi likabanduka vipande vipande. Hakuishia hapo. Alinimulikia kwa tochi ya simu kona za chini, kwenye lile bati la stenlesi linalosifiwa kwa kutoshika kutu, nikaona vitobo vidogo vidogo vyenye wekundu pembeni.

Hayo ni maradhi mawili tofauti, ila wengi huyaita jina moja tu, chumvi. Gamba linaletwa na ugumu wa maji: kalsiamu na magnesiamu zilizomo huganda maji yakipata moto. Ugumu una tiba yake ndani ya mashine. Kuna kijitangi chenye punje ndogo zinazonasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu, na punje zikielemewa mashine huzisafisha kwa maji ya chumvi. Ile chumvi unayoambiwa ununue ni ya kazi hiyo. Vile vitobo vinaletwa na kloraidi, yaani uchumvi wenyewe, ladha unayoisikia ukisukutua kwa maji ya kisima. Kloraidi hula stenlesi taratibu, na kile kijitangi cha punje hakiiondoi hata kidogo. Muuzaji anayekwambia "weka chumvi tu, hata maji ya kisima yanakubali" amekupa nusu ya habari.

Kuyajua maji yako hakuhitaji maabara. Angalia ndani ya birika la umeme kama lina gamba jeupe. Kisha chukua chupa mbili safi, moja jaza nusu maji ya DAWASA, yaani ya bomba la mamlaka ya maji, nyingine ya kisima, kila moja weka kipande kidogo cha sabuni ya mche, utikise. Kwetu ya kwanza ilijaa povu. Ya pili ikatoa utando mchafu juu na povu la kuhesabika, hayo ndiyo maji magumu. Tuna simtanki mawili, na jiko zima lilikuwa limeungwa kwenye la kisima kwa sababu ndilo halikauki. Fundi bomba alivuta njia mpya kutoka simtanki la DAWASA hadi koki ya mashine peke yake. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na gharama yake mimi naihesabu ndani ya bei ya mashine. Mgao wa maji hautishi: mzunguko wa Eco, ule wa kubana matumizi, unatumia kama lita 10, kiasi ambacho dada jikoni anakimaliza akisuuza tu sufuria huku bomba likitiririka.

Tukiwa hapo hapo kwenye maji, pima na kimo cha tangi. Mashine nyingi za Ulaya zinataka presha isiyopungua bar 0.5, na kila mita 10 za kimo zinakupa bar 1. Maana yake tangi liwe mita tano juu ya koki, au uweke pampu ndogo. Nyumba ya chini yenye tangi juu ya dari mara nyingi haifiki hapo. Mashine itakaa inasubiri maji, itatoa alama ya hitilafu, na wewe utadhani umeuziwa mbovu.

Umeme sitauzungumza sana. Hita inavuta zaidi ya wati 2,000, kwa hiyo iwe na soketi yake ukutani, si ya kuchomeka kwenye ekstensheni pamoja na friji. Na ndugu wa Marekani akikuahidi kukutumia yake, mshukuru umkatalie, kule umeme wao ni volti 120.

Nilizunguka Kariakoo na Mlimani City nikiwa na sinia langu la pilau mkononi. Watu walinishangaa, lakini sinia ndilo chombo kinachotutesa kuosha, na vipimo vya dukani vya "seti 13" au "seti 14" vinahesabu sahani na vikombe vya Wazungu. Niliomba kila mashine ifunguliwe, nikaliweka sinia kwenye kapu la chini, nikauzungusha kwa kidole mkono wa kurushia maji. Katika mbili nilizokuwa nimezipenda mkono uligonga ukingo wa sinia. Mkono usiozunguka hauoshi kitu, hata mashine iwe ya bei gani. Za upana wa sentimita 45 nilizipita, zinafaa watu wawili watatu. Kwenye duka moja kijana aliniambia ya kwao haihitaji chumvi kabisa, ni teknolojia mpya. Nikamwambia, "Mwanangu, nifungulie nione sakafu yake." Hakukuwa na kifuniko cha tangi la chumvi. Kwa Dar es Salaam hiyo si ya kununua.

Nikachukua Bosch ya Serie 4, ya sentimita 60, ya kusimama yenyewe. LG yenye mvuke niliipenda pia, bei ndiyo ilinirudisha nyuma. Bosch ilinipa mambo matatu niliyoyatafuta. Ugumu wa maji unaupanga mwenyewe kwa ngazi, kwa hiyo kama DAWASA yakikata na ukalazimika kutumia maji magumu zaidi, unapandisha. Kapu la juu linapanda na kushuka hata likiwa limejaa, sinia likaingia na mkono ukazunguka. La tatu, fundi wangu anaijua ndani nje na pampu zake huzipata mjini. Nililipa zaidi ya milioni moja, na hiyo ni baada ya kubishana bei mpaka muuzaji akaniita shangazi.

Kazi yake naisifu bila kuficha. Sahani za wali wa nazi zinatoka zikilia ukipitisha kidole. Bakuli la mchuzi wa samaki wa kupaka, ambalo kwa mkono hubaki na harufu hata ulisugue kwa ndimu, linatoka halinuki chochote. Glasi zinang'aa. Eco inachukua zaidi ya saa tatu, hilo linawaudhi wengi, lakini inapasha maji kwa nyuzi 50 tu na inakula chini kidogo ya yuniti moja ya umeme wa Luku. Tunaiwasha baada ya chakula cha usiku, asubuhi vyombo viko tayari kwa chai. Ugali uliokaukia kwenye sahani unataka programu ya moto mkali, nyuzi 70. Eco haiwezi, na usiilaumu. Vyombo vya plastiki vinatoka na matone. Hiyo ni tabia ya mashine zote zinazokausha bila feni, kwa sababu plastiki haitunzi joto la kukausha maji juu yake. Fungua mlango kidogo programu ikiisha.

Sasa nasema kwa msisitizo, hasa kwa mama zetu: sufuria za aluminiamu zisiingie. Sabuni ya mashine ni kali, ina magadi ndani yake, na aluminiamu ikikutana nayo kwenye maji ya moto inageuka kijivu, kisha nyeusi, na weusi huo unashika mikononi. Mama mkwe ana sufuria alizotoka nazo Tanga, zile nzito. Hizo zimeandikiwa sinki milele. Mwiko wa mti, kibao cha chapati, kikaango cha chuma na chupa ya chai navyo vinaoshwa kwa mkono. Kwa hiyo nyumba inayopikia sufuria za aluminiamu tupu ijue kwamba mashine itaosha sahani, vikombe, vijiko na mabakuli, na rundo la sufuria litabaki pale pale. Sisi tulinunua sufuria mbili za stenlesi kwa ajili ya wali na mchuzi, na mzigo wa sinki ukapungua sana.

Kwa aliye na kisima chenye chumvi tu, bila DAWASA na bila tangi la mvua, simshauri kununua kwa sasa. Hiyo fedha aivutie bomba kwanza.

Chumvi ya mashine na vidonge vya sabuni vinapatikana supamaketi kubwa, si mtaani, kwa hiyo nunua vya kutosha. Chumvi ya mezani yenye madini joto usiitie, ni laini mno na ina vitu vingine vinavyoziba zile punje. Kabla hujalipa, fungua boksi uhakikishe faneli ya kumiminia chumvi imo. Na kila ukishajaza, washa programu papo hapo. Chembe zilizomwagika zikilala usiku kucha kwenye sakafu ya stenlesi, vitobo alivyonionyesha fundi vinaanzia hapo.